Jina la Mtoto na Kadi ya Kliniki

Mzazi anapochagua jina la mtoto huwaza ukoo, dini na siku aliyozaliwa. Ni nadra kuiwaza kadi ya kliniki.

Huko Tana River, Waorma na Wapokomo wana majina wanayoshirikiana, kama vile Jillo na Godana. Waislamu nao hupenda Mohamed na Halima. Hivyo si ajabu akina Halima Godana wawili kukutana kliniki Garsen siku moja. Tena kuna anayeandika Godana na anayeandika Godhana.

Je, kuna hatari gani? Chanjo ya kifua kikuu hutolewa mtoto anapozaliwa. Nyingine hufuata katika wiki ya 6, 10 na 14, na ya surua akiwa na miezi 9 na 18. Kumbukumbu zikichanganywa, mtoto aweza kurukwa, na surua huua.

Mzazi, fanya haya:

1. Mwandikishe kwa majina matatu: lake, la baba na la babu.

2. Nakili tahajia kutoka kwenye kitambulisho chako. Usimwachie karani akisie.

3. Sajili kizazi kabla ya miezi 6 kupita. Ukibadilisha jina baadaye, sheria ya Kenya yakupa miaka 2 tangu usajili kulirekebisha.

Jina la pekee husaidia, lakini si lazima liwe geni. La nyanya lililoanza kusahauliwa laweza kumtambulisha mtoto vyema, mradi liandikwe namna moja kila mahali.