Kwa Nini Mfanyabiashara Hujenga Ugenini

Mwenye kampuni aweza kukaa kwao, akauza na kununua ng'ambo kwa mkono wa wakala. Kwa nini basi wengine huchukua mtaji wao wakaenda kujenga katika nchi ya watu? Jibu twaweza kulipata hapa hapa Tabora.

Tangu yapata mwaka 1800 Wanyamwezi walikuwa wakichukua pembe za ndovu wenyewe hadi pwani. Waarabu wa Unguja wangeweza kuwangoja huko. Hawakungoja. Burton na Speke walipofika Kazeh, Novemba 1857, waliwakuta wamekwisha kujenga matembe na maghala, na Snay bin Amir ndiye aliyewapokea.

Pembe iliyo karibu na ilikotoka ni rahisi kuliko ile iliyokwisha kubebwa miezi mitatu. Lakini faida kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ilikuwa ghala. Mwenye merikani na shanga Tabora hununua siku ile ile pembe ifikapo, na mwenziwe aliye Unguja hana habari. Wapagazi nao walipatikana hapa. (Mashamba yao yalilimwa na watumwa, hilo nalo lahesabiwa.)

Taabu ni kwamba ghala halibebeki. Msafiri akichukizwa na ushuru hugeuza njia. Mwenye tembe hawezi, kwa hiyo huanza kuangalia ni nani anayetawala. Muhammed bin Juma, baba yake Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti Mtemi Fundikira. Fundikira alipofariki, mrithi wake Mnywa Sere akawatoza Waarabu ushuru. Yapata mwaka 1860 wakamfukuza, wakamtawaza Mkasiwa. Vita vile vilimwua Snay mwenyewe, na Mnywa Sere akauawa mwaka 1865. Hata hivyo amani haikupatikana: mwaka 1871 Mtemi Mirambo aliifunga njia ya Ujiji.

Siku hizi mkoani mwetu, kijijini Sojo, wilaya ya Nzega, kuna kiwanda kilichozinduliwa mwaka 2024. Huko mabomba ya EACOP huvikwa ngozi ya kuhifadhi joto, maana mafuta ya Uganda yakipoa huganda. Bomba lenyewe ni kilomita 1,443, toka Hoima mpaka Chongoleani, Tanga, na mwenye hisa nyingi ni TotalEnergies ya Ufaransa. Hawa hawakuanza kwa kuoa binti wa mtemi. Mkataba wao na Serikali ya Tanzania ulitiwa sahihi Mei 2021, kabla kiwanda cha Sojo hakijazinduliwa.