Mtoto Anayekataa Chakula cha Kutafuna: Kijitabu cha Kaya za Kariakoo na Jirani Zake

Kijitabu hiki ni cha mama, baba, bibi na dada wa kazi, kwa sababu katika nyumba nyingi za Kariakoo, Gerezani, Jangwani na Ilala mtoto halishwi na mtu mmoja. Mama anawahi kwenye biashara asubuhi na mapema, baba naye ametoka, na mtoto wa mwaka mmoja anabaki na dada au bibi. Anachoachiwa ni kilekile kila siku: uji mwepesi kwenye chupa ya chai, na viazi, karoti na nyama vilivyosagwa pamoja kwenye blenda. Mtoto anavimeza bila taabu. Akipewa wali, anatema, analia, anageuza uso. Wakubwa wanasema bado mdogo huyo, hawezi, na kesho yake blenda inawashwa tena.

Mtoto huyo anaweza. Hajapata nafasi ya kujifunza tu.

Kutafuna hufundishwa na chakula chenyewe

Mtoto huzaliwa akijua kunyonya, lakini hajui kutafuna. Ulimi wake lazima uzoee kusukuma tonge pembeni, fizi ziliponde, kisha lirudi katikati limezwe. Msingoje magego, ambayo kwa wengi huanza kuota baada ya mwaka wa kwanza. Fizi zinaponda ndizi mbivu, yai lililochemshwa na boga lililoiva vizuri kabisa.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto aanze chakula cha nyongeza akitimiza miezi 6, huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 na zaidi. Wakiwa na miezi 8 hivi, watoto wengi wanaweza kushika vipande laini na kula wenyewe. Wakitimiza miezi 12, wengi wanaweza kula chakula cha familia. Huko Uingereza, watafiti walifuatilia watoto waliozaliwa eneo la Bristol mwanzoni mwa miaka ya 1990. Walioanzishiwa vyakula vya mabongemabonge baada ya miezi 10 walisumbua zaidi katika kula, na walipofika miaka 7 walikula mboga na matunda kidogo kuliko wenzao. Aliyevuka umri huo bado anafundishika, lakini anahitaji uvumilivu zaidi, na kila wiki ya kusubiri inaongeza kazi.

Kuna jambo jingine. Uji mwepesi ni maji mengi na unga kidogo, na tumbo la mtoto ni dogo. Linajaa kabla mwili haujapata unachohitaji. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 nchini wamedumaa. Udumavu una sababu nyingi, yakiwemo maradhi, lakini chakula chepesi kisicho na mchanganyiko ni moja ambayo familia inaweza kuirekebisha leo jioni.

Ngazi ipo kwenye vyungu vyetu

Kumhamisha mtoto kutoka kwenye laini hadi kwenye kigumu hakuhitaji vyakula vya makopo vya madukani. Mapishi yanayopatikana mitaa hii yana ngazi yake tayari, na inapendeza kuona jinsi inavyopanda.

Anzeni kwa kuiweka blenda kabatini na kutumia uma au mwiko. Mtori unafaa sana hapa: ndizi na nyama vimeiva mpaka vinapondeka, na mpishi ndiye anayeamua aviponde kiasi gani. Siku za mwanzo pondeni sana, kisha punguzeni, mtoto akutane na vibonge vidogo ndani ya kitu anachokijua. Bokoboko nalo lina ulaini huo, na lina nyama ndani yake. Baada ya hapo, futari: viazi vitamu, boga au magimbi yaliyopikwa kwa tui la nazi yakalainika, vipande vikionekana lakini vikipondeka kwa ulimi. Kisha wali uliopikwa kwa maji mengi zaidi ya kawaida, ukichanganywa na maharage yaliyopondwa nusu au choroko. Mwisho ugali laini wenye mchuzi wa samaki, vitonge vidogo, na mboga iliyokatwa ndogondogo.

Badilisheni kitu kimoja kwa wakati. Kama leo mnaongeza mabonge, ladha iwe ile anayoipenda. Kama mnaleta ladha mpya, ulaini ubaki ule aliouzoea. Mkivibadilisha vyote kwa siku moja atakataa vyote.

Tuseme neno juu ya dagaa, maana ni chakula cha bei nafuu chenye nguvu kubwa, na madini yake ya chokaa yanatokana na kuliwa pamoja na mifupa yake laini. Ondoeni vichwa, osheni mchanga wote, kaangeni kavu, kisha twangeni wawe unga wa kunyunyiza kwenye mtori au wali. Mtoto akizoea ladha, acheni vipande vidogo, na akiendelea, dagaa laini walioungwa kwa nyanya na nazi. Maini yaliyoiva na kukunwa husaidia kuzuia upungufu wa damu. Mchicha na matembele vikatwe vidogo sana, visiive mpaka vikapoteza rangi.

Hampiki sufuria mbili. Pikeni ya familia, toeni sehemu ya mtoto kabla ya kutia pilipili na chumvi, mwongezeeni kijiko cha mafuta au tui. Kuanzia miezi 12 anahitaji milo 3 hadi 4 kwa siku na kitu kidogo katikati mara 1 au 2, kama papai, parachichi, embe au yai. Kwa kila mlo, kiasi cha robo tatu ya kikombe cha mililita 250 hadi kikombe kizima kinatosha.

Unga wa lishe unaouzwa tayari sokoni tuutazame kwa makini, maana mara nyingi una mahindi na karanga. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, iliyokuwa kwenye mahindi, na karanga huathirika vilevile. Nunueni nafaka na karanga zisizo na ukungu wala kukunjamana, zisagisheni kila moja peke yake na kwa kiasi kidogo, mzitunze pakavu.

Kukataa si ukaidi

Mtoto katika mwaka wake wa kwanza hufikia uzito mara tatu ya ule wa kuzaliwa. Mwaka wa pili huongeza kilo 2 hadi 2.5 hivi tu. Hamu ya kula hupungua kwa kuwa mwili umepunguza kasi, na hapohapo anaanza kuogopa chakula asichokijua. Chakula kipya kinaweza kuhitaji kuwekwa mbele yake mara 8 hadi 15 kabla hajakikubali. Wengi wetu tunaacha baada ya mara mbili tatu na kutangaza kwamba hapendi mboga. Wekeni kidogo, pembeni ya anachokipenda, bila kumbembeleza wala kumkaripia. Akigusa, akinusa, akilamba, hiyo ni hatua.

Kumlaza chali, kumbana pua na kumimina chakula kinywani ni hatari, kunaweza kupeleka chakula mapafuni na kunamfundisha mtoto kuogopa kijiko. Tunaomba kwa moyo wote tabia hii ikome. Katuni za simu nazo zinafungua mdomo bila mtoto kujua anakula nini. Mkalisheni wima pamoja na wengine, mkono wake umeoshwa kwa sabuni, naye ale akichafuka. Baada ya nusu saa, kama hataki, ondoeni sahani kwa upole mpaka mlo ujao.

Angalieni pia kinachoingia kati ya milo. Biskuti, juisi ya boksi na soda huua hamu. Chai huzuia mwili kutumia madini ya chuma, kwa hiyo chai na andazi si kifungua kinywa cha mtoto mdogo. Maziwa ya ng'ombe yakizidi nusu lita kwa siku yanachukua nafasi ya chakula. Chupa ya chuchu ibadilishwe kwa kikombe.

Kupaliwa

Hofu hii ndiyo inayowarudisha wengi kwenye blenda. Mtoto anayejifunza mara nyingine hukohoa, macho yakalengwa na machozi, akasukuma tonge mbele. Mwacheni alitoe mwenyewe, mwili unajilinda. Hatari ni mtoto aliyenyamaza ghafla, hawezi kulia wala kukohoa, midomo ikibadilika rangi. Mwinamisheni kichwa kikiwa chini, mpigeni mapigo 5 kati ya mabega kwa kiganja. Kikiwa hakijatoka, wa chini ya mwaka 1 mgeuzeni chali na mkandamize katikati ya kifua kwa vidole viwili mara 5. Aliyezidi mwaka, simameni nyuma yake mkandamize juu ya kitovu, ndani na kwenda juu, mara 5. Rudieni, huku mwingine akitafuta usafiri wa hospitali. Msiingize kidole kutafuta kitu msichokiona.

Karanga na korosho nzima, ubuyu wenye mbegu, pipi, mahindi ya kuchoma na samaki wenye miiba midogo visimfikie. Zabibu zikatwe kwa urefu. Asile akikimbia wala akiwa mgongoni.

Wakati wa kwenda kituoni

Kila mwezi mpelekeni kliniki na kadi yake apimwe uzito. Mwezi Juni na Desemba apate matone ya vitamini A, na aliyetimiza mwaka 1 dawa ya minyoo. Mwambieni mhudumu wazi kwamba mtoto anakula vya laini tu, kwani kadi haionyeshi hilo. Anayepaliwa karibu kila mlo, anayetoa chakula puani, au aliyefika mwaka mmoja na nusu bila kukubali bonge lolote anahitaji uchunguzi. Mstari wa uzito ukishuka, utepe wa kupimia mzunguko wa mkono ukionyesha nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, miguu yote ikivimba, au akikataa kula na kunyonya kabisa, msisubiri siku ya kliniki: mpelekeni kituo cha afya kilicho karibu, Mnazi Mmoja au Amana siku hiyohiyo.