Nani Auchunguzaye Moyo?

Jumanne

Soma Zaburi 139:1-4, 23, 24 na Yeremia 17:9, 10. Daudi alijua kwamba Mungu anayafahamu mawazo yake yote. Kwa nini basi alimwomba amchunguze?

______________________________________________

Katika Yoga Sutra, maandishi ya kale ya India yanayohusishwa na Patanjali, yoga huelezwa kuwa ni kuutuliza mwendo wa akili. Mwenye kutafakari huketi kimya na kuyatazama mawazo yakija na kupita, hata atambue kwamba nafsi yake halisi ni yule shahidi anayetazama. Mwaka 1893 Swami Vivekananda alihutubia Bunge la Dini za Dunia mjini Chicago, na mafundisho ya namna hii yakazidi kujulikana katika nchi za Magharibi. Leo wengi huyapokea kama mazoezi ya mwili na tiba ya wasiwasi.

Biblia haimkatazi mtu kujitazama. Katika Zaburi 42:5 mwimbaji anaiuliza nafsi yake sababu ya kuinama kwake. Lakini haishii kuitazama huzuni. Anaiagiza nafsi imtumaini Mungu. Paulo naye anafundisha kwamba kila fikira itekwe nyara ipate kumtii Kristo (2 Kor. 10:5).

Hata kutafakari kunakotajwa katika Yoshua 1:8 na Zaburi 1:2 si kuiacha akili tupu. Neno la Kiebrania, *haga*, lina maana ya kunena kwa sauti ya chini. Isaya alilitumia kwa simba angurumaye juu ya mawindo yake (Isa. 31:4) na kwa hua aombolezaye (Isa. 38:14). Simba haachii alichokamata. Vivyo hivyo mwenye haki hulishikilia Neno mchana na usiku.

Shahidi wa ndani aweza kuiona chuki ikipita, lakini hawezi kuisamehe. Tena, ikiwa moyo ni mdanganyifu, utajihukumuje wenyewe kwa haki? Ndiyo maana Daudi alimkabidhi Mungu uchunguzi huo, na hakuomba kuonwa tu, bali pia kuongozwa katika njia ya milele.

Mshiriki wa darasa lenu anasema, “Mimi nafanya yoga ili nipate usingizi tu.” Mtamjibuje bila kuudharau uchovu wake? Nawe, wazo la hofu au chuki likikurudia usiku wa leo, utalipeleka wapi?