Kufundisha Mwenendo Unaotazamiwa Shuleni

Katika shule nyingi za msingi mwalimu wa zamu husimama mbele ya wanafunzi mstarini, akazitaja sheria za shule moja baada ya nyingine: msichelewe, msipige kelele, msitupe taka ovyo, msiharibu mali ya shule. Wanafunzi huitikia kwa sauti moja, "Ndiyo, mwalimu," na kuingia madarasani. Kabla ya mapumziko ya saa nne nusu ya sheria hizo zimekwisha vunjwa, na mwalimu hulalamika kwamba watoto wa siku hizi hawasikii.

Mwalimu huyohuyo asingethubutu kufanya hivyo katika somo la Hisabati. Hakuna asimamaye mbele ya Darasa la Tatu, akatamka mara moja jinsi ya kugawanya 96 kwa 4, kisha akamwadhibu mtoto aliyekosea. Huandaa somo, hutafuta zana, huonyesha, huwapa wanafunzi mazoezi, husahihisha, na siku ya pili hurudia. Makala haya yanataka kuonyesha kwamba mwenendo tunaoutazamia kwa wanafunzi nao ni somo. Una shabaha, hatua, mazoezi na upimaji. Nao una jambo moja lisilopatikana katika Hisabati, yaani hufundishwa na walimu wote wa shule, kwa namna moja, la sivyo haufundishiki.

Mtoto anakuja na nini

Tuchukue mfano wa shule ya msingi katika kata ya Ihanja, Wilaya ya Ikungi, Mkoa wa Singida. Hii ni nchi kavu. Mvua zake hunyesha msimu mmoja tu, takriban tangu Novemba mwishoni hadi Aprili, na kwa mwaka mkoa hupata milimita 500 hadi 800. Watu wake, ambao wengi ni Wanyaturu, hulima uwele, mtama na alizeti, na hufuga ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mwanachuo atakayepelekwa huko kwa mazoezi ya kufundisha atakuta kwamba watoto wengi wa Darasa la Kwanza wamekwisha kuwa na kazi yenye madaraka makubwa kabla ya kushika kalamu: wamechunga.

Yafaa tuitazame kazi hiyo kwa makini, kwa kuwa ni darasa la mwenendo. Mtoto anayeanza kuchunga hasomewi orodha ya makatazo. Huenda pamoja na kaka yake. Huonyeshwa mpaka wa shamba la mtama la jirani kwa kusimama penyewe mpakani. Huona kaka anavyotangulia mbele ya mbuzi kabla hawajafika kwenye mimea, wala hangojei wafike ndipo awafukuze. Kesho yake huachiwa upande mmoja wa kundi huku kaka akimwangalia. Baada ya majuma kadhaa ndipo akabidhiwapo mbuzi peke yake, na akiwaacha wakala shamba la mtu, kila mtu kijijini anajua kwamba alikwisha fundishwa. Hapo ndipo lawama inapokuwa ya haki.

Mtoto huyo anapoingia shuleni tunambadilishia utaratibu wote wa kujifunza. Tunamwambia "panga foleni" ilhali nyumbani kwao hakuna foleni. Tunamwambia "ngoja zamu yako" kwa Kiswahili, lugha ambayo pengine anaisikia kwa saa nyingi mfululizo kwa mara ya kwanza, maana kwao wanasema Kinyaturu. Hajui maana ya kengele, ambayo mara nyingi ni kipande cha chuma kilichoning'inizwa mtini. Hajui kwa nini kengele ya kwanza humwita na ya pili humfukuza. Kumwita mtoto huyo mkaidi ni sawa na kumwita mjinga yule ambaye hakuwahi kufundishwa kugawanya.

Jambo hili si dogo

Huenda mwanachuo akadhani kwamba tunazungumzia usafi na foleni tu. Sivyo. Mahali ambapo mwenendo haufundishwi, fimbo huchukua nafasi ya mafundisho. Uchunguzi wa taifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanywa Tanzania mwaka 2009, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya vijana wa miaka 13 hadi 24, wa kike na wa kiume, walikuwa wamepigwa au kuumizwa na mwalimu kabla ya kufikia umri wa miaka 18. Mwezi Agosti 2018, huko Bukoba, mwanafunzi wa shule ya msingi alifariki dunia baada ya kupigwa na mwalimu. Kila mwanachuo yampasa kulikumbuka tukio hilo anapofikiria hasira ya dakika moja inavyoweza kumfikisha.

Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 ziliweka mipaka iliyo wazi. Viboko vilihusu makosa makubwa tu. Visizidi 4, ambapo kanuni za mwaka 1979 ziliruhusu 6. Vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Na kila adhabu iandikwe kitabuni. Kwa mujibu wa kanuni hizo, basi, mwalimu mwanafunzi anayetembea na fimbo darasani hana idhini ya kuitumia. Kumwaga maji tangini au kusahau ufagio si kosa kubwa kwa kipimo chochote. Ni somo ambalo halijaeleweka.

Kuchagua machache

Kosa la kwanza katika kupanga ni wingi. Shule nyingine zina sheria 25 ukutani, ambazo hata walimu hawawezi kuzitaja zote. Huko Marekani wataalamu kama George Sugai na Robert Horner wa Chuo Kikuu cha Oregon walieneza, tangu miaka ya 1990, utaratibu wa shule nzima kuchagua matazamio machache tu, kama 3 hadi 5, yakasemwa kwa namna ya kutenda, si ya kukataza, na kila moja likaelezwa linaonekanaje katika kila mahali pa shule. Si lazima tuige kila kitu chao, lakini wazo hilo la mwisho linatufaa sana.

Chukua neno "heshima". Kila mwalimu hulipenda, na kila mtoto huliitikia. Lakini mwulize mtoto wa Darasa la Pili heshima inaonekanaje chooni, hatakuwa na jibu. Ni lazima mwalimu alishushe neno hilo mpaka chini: chooni, heshima ni kubisha hodi, kufunga mlango, kumwaga maji, na kunawa. Njiani, ni kumpisha mzee na kumwamkia, na kutopita katikati ya shamba la mtu. Darasani, ni kumwacha mwenzako amalize kusema. Haya yanaweza kuandikwa kwenye karatasi ya mfuko wa saruji na kutundikwa mahali panapohusika, pamoja na picha kwa ajili ya wasiojua kusoma. Bango la choo likae karibu na choo. Likikaa ofisini halimfundishi mtu.

Aidha, matazamio yasiyowezekana yasiandikwe. Mtoto atokaye mbali, wakati wa masika, akivuka korongo lililojaa maji, atachelewa. Kuandika "kila mtu awahi" na kumwadhibu kila Jumatatu ni kumfundisha kwamba sheria za shule hazina akili. Afadhali afundishwe la kufanya anapochelewa: aende kwa mwalimu wa zamu, aeleze sababu, aandikwe, kisha aingie darasani kimya bila kukatiza somo. Hilo analiweza.

Mfano wa somo: kuteka maji tangini

Tuseme shule ina tangi moja la maji ya mvua lenye bomba moja. Wakati wa mapumziko watoto husukumana, wadogo huangushwa, na maji humwagika. Katika nchi kama Ihanja, maji yanayomwagika Juni ndiyo yatakayokosekana Oktoba. Shabaha ya somo iandikwe kama ya somo lolote: mwisho wa somo kila mwanafunzi aweze kusubiri zamu yake nyuma ya mstari, kuteka kikombe kimoja, kufunga bomba mpaka tone la mwisho, na kuondoka kwa upande wa kushoto. Zana ni tangi lenyewe, vikombe, na mstari uliochorwa ardhini kwa majivu. Muda ni dakika 20. Mahali ni tangini, wala si darasani. Mwalimu anayefundisha jambo hili ubaoni amefundisha Kiswahili, hakufundisha mwenendo.

Kwanza mwalimu atende mwenyewe huku akisema anachofanya: "Nasimama hapa. Mbele yangu yuko mmoja. Amemaliza, sasa nasogea. Nafunga. Natazama: hakuna tone." Kwa Darasa la Kwanza amwombe mwanafunzi wa darasa la juu aeleze maneno yaliyo magumu kwa lugha ya nyumbani. Kiswahili hakitaharibika kwa hilo.

Pili, aonyeshe namna isiyofaa, kwa kifupi. Hapa nina onyo. Mfano mbaya uonyeshwe na mwalimu mwenyewe, asipewe mtoto. Mtoto mdogo akiambiwa ajifanye msukumaji, wenzake watacheka, naye atafurahi, na hilo ndilo atakalolikumbuka wiki nzima. Kisha mwalimu aulize: "Kilichoharibika ni nini? Aliyeumia ni nani?" Sababu ya utaratibu itoke vinywani mwa watoto wenyewe. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka wanafunzi washiriki katika maamuzi juu ya kazi za shule yao. Hapa ni mahali pazuri pa kuanzia, maana pengine watoto watapendekeza njia bora kuliko ya mwalimu, kwa mfano wadogo wapewe nafasi ya kwanza.

Tatu, watoto 6 watende, wengine watazame na kueleza walichokiona. Kisha makundi mengine, mpaka wote wapite. Darasa likiwa na watoto 80, hatua hii haitamalizika siku moja, wala haina haja ya kumalizika siku moja.

Nne, na hii ndiyo hatua inayosahauliwa, mwalimu wa zamu asimame tangini kila mapumziko kwa wiki yote ya kwanza. Asije kukamata wakosaji. Aje kuwaambia watoto walichofanya sawasawa. Aseme, "Juma lote la jana bomba lilidondosha, leo mmelifunga." Neno kama hilo lina uzito kuliko makofi. Siku hizi makofi yanapigwa kwa kila jambo, hata kwa mtoto aliyetaja jina lake tu, mpaka yamekwisha thamani.

Somo lirudiwe Julai, muhula wa pili unapoanza, na lirudiwe tena mvua zinapoanza, kwa kuwa matope yatakuwa yameufuta mstari na mazoea pia.

Walimu wote, neno moja

Mwanachuo anaweza kuandaa somo zuri kama hilo na likashindwa kwa wiki moja, kwa sababu mwalimu wa darasa la jirani anawaruhusu watoto wake kupita mbele ya foleni. Watoto hutambua upesi sana kwamba sheria ni ya mtu, si ya shule. Kwa hiyo, kabla ya kufundisha lolote, kikao cha walimu kikubaliane mambo matatu: tunatazamia nini, tutalifundisha wiki gani, na mtoto akikosea tutasema nini. Viranja nao wafundishwe kabla ya wengine, na wanyang'anywe fimbo ikiwa wanazo. Kiranja mwenye fimbo hujifunza mwenendo ambao hatukuukusudia. Wazazi waelezwe katika mkutano wa kijiji; mara nyingi watashangaa kusikia kwamba shule inafundisha kama wanavyofundisha wao machungani.

Mtoto akikosea, mwalimu ajiulize kwanza: huyu hajui, amesahau, au amekusudia? Asiyejua afundishwe. Aliyesahau arudie tendo palepale, tena kwa usahihi, bila hotuba. Aliyekusudia aitwe faraghani na arekebishe alichoharibu: aliyemwaga maji alete maji. Wa aina hii ya tatu ni wachache, na mwalimu aliyewafundisha wengine vizuri ndiye apataye nafasi ya kukaa nao.

Je, shule inaweza kuendeshwa hivyo kweli? Huko Uganda, katika wilaya ya Luwero, shule 42 za msingi ziliingizwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015. Nusu zilitumia mpango wa shirika la Raising Voices, ambapo walimu na wanafunzi huweka malengo ya shule pamoja. Baada ya miezi 18 hivi, wanafunzi waliosema kwamba wameumizwa na mtumishi wa shule katika wiki iliyopita walikuwa asilimia 31 katika shule za mpango, na asilimia 49 katika shule nyingine. Alama za masomo hazikutofautiana. Kwa maneno mengine, kupungua kwa fimbo hakukuwapunguzia watoto elimu, jambo ambalo wazee wengi wa kazi hii hulihofia. Hata hivyo asilimia 31 bado ni kubwa, na mwanachuo asitazamie kwamba muhula mmoja utamaliza kazi.

Zoezi

1. Chagua mahali pamoja katika shule utakayopelekwa: choo, lango, uwanja au tangi. Patazame kwa siku tatu, na uandike watoto wanafanya nini hasa, bila kutumia maneno "wazuri" au "watundu".

2. Andaa somo la dakika 20 kwa Darasa la Kwanza kuhusu mahali hapo. Onyesha ni wapi utahitaji lugha ya nyumbani, na nani atakusaidia.

3. Mwalimu mwenzako anasema, "Hapa tumezoea fimbo, hayo ya chuo yaache chuoni." Andika utakavyomjibu kwa adabu katika kikao cha walimu.