FUNGU LA TAJIRI NA BIDII YA MCHUMI

Husema baadhi ya wenye mali kwamba kumtoza tajiri ni kuiua bidii yake. Na husema wengine kwamba tajiri na atozwe pasina mpaka. Sharia imezikataa kauli zote mbili, na dalili yake imo katika vipimo vya zaka.

Kwanza, mwenye kidogo hatozwi. Asiyefikisha nisabu, nayo ni dinari 20 za dhahabu au dirhamu 200 za fedha, hana zaka ya nakidi juu yake. Bali huenda yeye ndiye astahiliye kupewa.

Pili, kipimo hufuata taabu. Hazina ya kale iliyofukuliwa ardhini hutolewa khumusi, yaani 1 katika 5, kwani aliyeipata hakuitokea jasho. Nafaka iliyonyweshwa na mvua hutolewa 1 katika 10. Iliyonyweshwa kwa kuteka maji, 1 katika 20. Na mali ya biashara, ambayo mwenyewe huihangaikia mwaka mzima, 1 katika 40. Kila taabu ikipanda daraja, fungu hushuka nusu.

Tatu, mali iliyolala haisamehewi. Mwenye kufungia sandukuni dinari 1,000 hutoa 25 mwaka wa kwanza, na baada ya miaka 10 husaliwa na kama 776. Ndipo ikapokewa kwamba Umar bin Khattab aliamrisha mali ya mayatima ifanyiwe biashara, isije ikaliwa na zaka.

Huenda mtu akauliza: Je, mtawala akizidisha juu ya haya? Jawabu: Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, ameeleza katika Mukaddima yake ya mwaka 1377 kwamba dola changa hutoza kidogo, ikakusanya kingi. Na zaka ameitaja miongoni mwa kodi hizo chache zenye mpaka usiopitwa. Kisha watawala huzoea anasa, wakaongeza kodi juu ya kodi, hata mkulima na mfanyaji biashara wakaona hawana faida ya kujitaabisha. Hapo kazi huachwa, masoko hulala, na hazina hupungua ijapokuwa kodi imekuwa kubwa.

Basi tajiri asiyashike maneno hayo kuwa udhuru wa kuzuia haki ya fukara, kwani yamesemwa juu ya kodi iliyopita mpaka, si juu ya faradhi. Wala mtawala asiishike faradhi kuwa udhuru wa kunyang'anya. Mpaka umewekwa kwa wote wawili.

Wallahu aalam.