Somo: Sungura Arudi Bandani Bila Kukimbizwa

Katika mafunzo ya ufugaji tunasisitiza kwamba sungura aliyefunguliwa uani asikimbizwe wakati wa kumrudisha. Kwa asili yeye huwindwa. Akifukuzwa, huona adui. Akikamatwa kwa nguvu hurusha miguu ya nyuma na anaweza kuvunjika uti wa mgongo. Hapo familia imempoteza jike wa kuzalisha.

Tufuate hatua hizi:

1. Mlo wa jioni, kwa mfano matembele, utolewe bandani tu, saa ile ile kila siku. Sungura huchangamka alfajiri na jioni, hivyo saa 12 jioni inafaa.
2. Kabla ya kumlisha, gonga kopo. Akizoea, mlio huo utamwita.
3. Banda lililoinuliwa liwe na ubao wa kupandia usioteleza.
4. Akiingia, mwache ale kwanza, kisha funga mlango taratibu.
5. Asinyanyuliwe kwa masikio kamwe.

Mara nyingi watoto ndio wanaofungua mabanda. Kamati ziwafundishe wao kwanza.

Swali la kujadili: Kwetu sungura akirudi bandani hukuta nini, chakula au fimbo?