Hesabu ya Wazee na Hesabu ya Vidonge

Shinikizo la damu ni ugonjwa wa kimya. Mwenye nao huweza kulima bustani, kuuza maandazi na kwenda msikitini au kanisani kwa miaka mingi bila maumivu yoyote, hata siku moja mshipa wa ubongo ukaziba au kupasuka, na upande mmoja wa mwili ukapooza. Hicho ndicho kiharusi. Uchunguzi uliofanywa nchini kati ya mwaka 2003 na 2006 ulilinganisha wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na sehemu ya jiji la Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, wagonjwa wapya wa kiharusi kwa mwaka walikuwa kiasi cha 109 katika kila watu 100,000 huko Hai, na 316 jijini, yaani karibu mara tatu.

Dawa za kushusha shinikizo hilo zipo, na nyingi si ghali: kidonge kimoja au viwili kila siku, maisha yote. Ugumu wote umo katika maneno hayo manne ya mwisho.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na zaidi, na Sera ya Afya ya mwaka 2007 ikaagiza wazee wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Lakini utekelezaji umo katika mikono mbalimbali. Zahanati na vituo vya afya vya umma huendeshwa na halmashauri za manispaa, zilizo chini ya TAMISEMI. Hospitali za Mwananyamala na Temeke zilipandishwa kuwa hospitali za rufaa za mkoa mwaka 2010, na kwa uamuzi wa mwishoni mwa mwaka 2017 zikawekwa chini ya Wizara ya Afya. Kumtambua mzee asiye na uwezo, nako, ni kazi ya serikali ya mtaa na ofisa ustawi wa jamii. Kwa hiyo bibi wa Bunju au wa Chamazi ana majina matatu katika madaftari matatu, au hana hata moja.

Ichukuliwe kata ya kubuni yenye watu 50,000. Ikiwa wazee ni 4 katika kila 100, kata ina wazee 2,000. Ikiwa mmoja katika kila wanne anahitaji kidonge kimoja kwa siku, hao ni watu 500, na kwa mwezi wa siku 30 vinatakiwa vidonge 15,000. Lakini tuseme wanaofika zahanati ni 120 tu. Wengine miguu haiwachukui hadi kituo cha daladala. Zahanati huagiza kutoka Bohari ya Dawa kwa kuangalia matumizi yaliyopita, hivyo itaomba vidonge 3,600. Mwezi ambao wajukuu wamewaleta wagonjwa wengine 60, vidonge hivyo vitakwisha siku ya ishirini. Mtunza dawa asipoandika kwamba sanduku lilikuwa tupu siku kumi, daftari litaonyesha vidonge 3,600 vimetumika kama kawaida, na mwezi unaofuata zitaombwa 3,600 zilezile. Msamaha wa malipo, ambao ni jambo jema, haujazi sanduku hilo.

Daktari hawezi kuuona upungufu huo akiwa chumbani mwake, kwani humhesabu aliyefika. Mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wake ndio wanaojua ni nyumba ipi ina mzee asiyetoka nje. Kila mwaka halmashauri huandaa Mpango Kabambe wa Afya, na ipo Bodi ya Huduma za Afya yenye wawakilishi wa wananchi. Yapo pia mabaraza ya wazee. Hapo ndipo daftari la mtaa na daftari la zahanati yangepaswa kufunguliwa juu ya meza moja. Penye tofauti ya 500 na 120, mhudumu wa afya ya jamii apelekwe nyumbani na kipimo cha shinikizo, na maombi ya dawa yaongezwe kabla wagonjwa hawajafika.

Madaftari nayo huchakaa upesi pembezoni mwa jiji. Watu huhama, hufa, huletwa kutoka mikoani kuja kutunzwa na watoto wao. Hata mipaka hubadilika: Ubungo ilitengwa na Kinondoni, na Kigamboni na Temeke, halmashauri zao mpya zikaanza kazi mwaka 2016. Wazee wa Makazi ya Nunge, Kigamboni, angalau wanahesabika kwa urahisi kwa kuwa wako mahali pamoja. Walio wengi zaidi wanaishi katika vyumba vya nyuma vya nyumba za watoto wao.

Darasa la hisabati au la biolojia linaweza kuifanya hesabu hii kwa mtaa wake lenyewe. Mwalimu aombe kibali, kisha wanafunzi waulize idadi mbili tu, bila majina: katika ofisi ya mtaa, wazee waliopo, katika zahanati, wazee wanaochukua dawa ya shinikizo kila mwezi. Pia waulize ni siku ngapi mwezi uliopita dawa hiyo haikuwapo.